Kodi ya Kuuza Nyumba Huanza Siku Unaponunua Kiwanja

"Shikamoo mama. Umekuja na risiti za ujenzi?"

"Marahaba mwanangu. Hizi hapa, zote zilizobaki."

Mama akafungua bahasha ya kaki na kumwaga vikaratasi mezani. Wakili akachukua kimoja, akakigeuza, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa cheupe pande zote mbili. Cha pili kilisomeka "JUMLA" na tarakimu mbili za mwanzo. Cha tatu kilikuwa cha mbao, kimeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, hakina jina la duka wala tarehe. Nyumba yenyewe iko Tabata: vyumba vitatu, ukuta na geti, imejengwa kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka kumi. Mnunuzi ameshakubali kutoa shilingi milioni 150.

Pale mezani hakuna aliyekuwa anamdanganya mwenzake. Mama alijenga kweli na alilipa kweli. Lakini kodi haihesabiwi kwa ulichotumia. Inahesabiwa kwa unachoweza kuthibitisha kwamba ulitumia, na kati ya vitu hivyo viwili kuna pengo ambalo kwa familia nyingi lina thamani ya mamilioni.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Kila nilipoipiga hesabu upya, jibu lilizidi kunisumbua.

Asilimia kumi ya nini?

Ukiuliza mtaani utaambiwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, wanachukua asilimia kumi. Ni kweli, lakini ni asilimia kumi ya faida, wala si ya bei. Hii ndiyo kodi ya ongezeko la mtaji, inayotokana na Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Kwa mkazi wa Tanzania hulipwa kwa mkupuo mmoja kabla hati haijahama, na Msajili wa Hati hasajili uhamisho mpaka aone cheti cha Kamishna wa TRA kinachosema kodi imelipwa au hakuna kodi ya kulipa.

Faida ni bei ya kuuza ukitoa gharama. Gharama zinazokubalika ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Bei ya kiwanja imo. Ujenzi umo. Ukarabati na maboresho uliyofanya baadaye yamo. Zimo pia gharama za kununua na za kuuza: dalali, wakili, mthamini, mpima ardhi, tangazo, ushuru wa stempu ulioulipa wewe ulipokuwa mnunuzi. Samani, umeme na mlinzi hazimo, hayo ni matumizi ya kuishi.

Sasa tuchukue ile nyumba ya milioni 150 na kuipa gharama za mfano. Kiwanja kilinunuliwa kwa milioni 12. Upimaji na hati vilikula milioni 3. Ujenzi wote, kuanzia msingi hadi rangi, milioni 78. Dalali wa mauzo anachukua asilimia 5, yaani milioni 7.5. Wakili na mthamini, milioni 1.5. Jumla milioni 102. Faida milioni 48, kodi shilingi milioni 4.8.

Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye kila karatasi.

Kwa yule ambaye kati ya milioni 78 za ujenzi ana risiti zinazosomeka za milioni 30 tu, mambo hubadilika. Gharama zake zinashuka hadi milioni 54, faida inapanda hadi milioni 96, na kodi inakuwa milioni 9.6. Nyumba ni ileile, bei ni ileile, jasho ni lilelile. Kodi imeongezeka mara mbili.

Asilimia tatu, na aliyeachwa katikati

Bunge liliona tatizo hili. Kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 liliweka njia ya pili: mkazi asiye na kumbukumbu za gharama analipa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ipi iliyo kubwa. Hakuna kutafuta risiti, hakuna kubishania mfuko wa saruji. Kwa nyumba yetu, asilimia 3 ya milioni 150 ni milioni 4.5.

Ziweke hizo namba tatu pamoja. Mwenye kumbukumbu zote analipa milioni 4.8. Asiye na kumbukumbu hata moja analipa milioni 4.5. Mwenye nusu ya kumbukumbu analipa milioni 9.6.

Nilikwama hapo.

Aliyejitahidi kutunza risiti lakini mvua, panya na jua vikamwahi ndiye anayebeba mzigo mkubwa kuliko wote. Na huyo ndiye Mtanzania wa kawaida. Wanaojenga kwa mkandarasi mmoja, mkataba mmoja na akaunti moja ya benki ni wachache. Wengi hujenga kwa awamu: msingi mwaka huu, tofali mwakani, paa ikitoka mikopo ya kikundi, madirisha mwanao akipata kazi.

Ipo hesabu rahisi inayoonyesha mpaka uko wapi. Asilimia 10 ya faida inalingana na asilimia 3 ya bei pale faida inapokuwa asilimia 30 ya bei. Maana yake, ukiweza kuthibitisha gharama zinazozidi asilimia 70 ya bei ya kuuzia, risiti zako zinakusaidia. Zikiwa chini ya hapo, njia ya asilimia 3 ina nafuu. Nyumba iliyojengwa miaka michache iliyopita na kuuzwa karibu na gharama yake itaangukia upande wa kwanza. Nyumba ya zamani, kwenye eneo ambalo barabara imefika na bei ya ardhi imeruka, itaangukia upande wa pili karibu kila mara, hata mwenyewe awe ametunza kila kikaratasi.

Bila shaka wapo watakaosoma hapa na kuwaza: basi nizifiche. Usifanye hivyo. Njia ya asilimia 3 ni ya asiye na kumbukumbu, na kumwambia Kamishna huna wakati unazo ni kutoa taarifa ya uongo, kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015. Isitoshe, kiwanja kilichonunuliwa kwa mkataba na kusajiliwa kina kumbukumbu ndani ya jalada la ardhi lenyewe. Afisa anaweza kulifungua.

Unachoweza kufanya kwa haki ni kueleza hali yako kama ilivyo. Karatasi nyeupe si kumbukumbu. Daftari lisilo na jina la duka wala tarehe haliwezi kuthibitisha chochote. Andika barua fupi ya maelezo: lini ulijenga, kwa awamu zipi, kumbukumbu zipi zimepotea na kwa nini, zipi zimebaki. Ambatanisha hizo zilizobaki. Omba ukadiriwe kwa njia inayolingana na hali yako, na uombe jibu kwa maandishi. Ukipewa makadirio ya mdomo kaunta, huna cha kupinga baadaye.

Mimi naona kanuni ingesema tu kwamba mkazi anayeuza nyumba yake analipa kiasi kidogo kati ya hivyo viwili. Serikali isingepoteza kwa yule ambaye tayari analipa asilimia 3, na anayetunza risiti asingejuta kuzitunza.

Milioni 15 za mwaka 2004

Sheria inamwachia kitu mwenye nyumba ya kuishi, ila kwa masharti. Uwe umeimiliki mfululizo kwa miaka 3 au zaidi. Uwe umeishi humo jumla ya miaka 3 au zaidi, na hiyo miaka si lazima iwe mfululizo: uliishi miwili, ukahamishiwa Mwanza ukaipangisha, ukarudi ukaishi mmoja, umetimiza. Na faida isizidi shilingi milioni 15.

Sharti hilo la mwisho ndilo linaloua msamaha wote.

Faida ikiwa milioni 15, kodi ni sifuri. Faida ikiwa milioni 16, msamaha unaondoka mzima, na asilimia 10 inahesabiwa kwenye milioni 16 zote: shilingi milioni 1.6. Milioni moja ya nyongeza inazaa kodi kubwa kuliko yenyewe. Ukiwa karibu na mpaka huo, risiti moja ya bati au ya fundi umeme inaweza kuwa tofauti ya kulipa na kutolipa. Hapo ndipo mtu anatakiwa kupekua kabati hadi mwisho.

Kiwango hicho kimekuwepo tangu sheria ilipotungwa. Mwaka 2004 dola moja ilikuwa karibu shilingi 1,100, hivyo milioni 15 ilikuwa kama dola 13,600. Dola ikiwa karibu na 2,500, milioni 15 ni kama dola 6,000. Ni vigumu kupata nyumba ya kawaida Dar es Salaam, Arusha au Dodoma ambayo mwenyewe ameishi humo miaka kumi na faida yake kwenye makaratasi itakuwa chini ya hapo.

Ninaposema faida kwenye makaratasi nina maana. Sheria yetu hairekebishi gharama za zamani kulingana na mfumuko wa bei. Shilingi uliyoitoa mwaka 2006 kununua nondo inatolewa kwenye bei ya leo kama shilingi ileile. Sehemu ya kinachoitwa faida ni shilingi iliyopungua nguvu, na mtu akitaka kununua nyumba kama aliyouza hataweza. Kenya nako hawarekebishi mfumuko, na kodi yao ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 kuanzia Januari 2023. Ila mwenye nyumba wa Kenya aliyeishi kwenye nyumba yake miaka 3 mfululizo kabla ya kuiuza ana msamaha usio na dari ya faida. Kwa hilo moja wametutangulia.

Kuna msamaha mwingine wa mashamba: ardhi ya mtu binafsi yenye thamani ya soko chini ya milioni 10, iliyotumika kwa kilimo angalau miaka 2 kati ya 3 kabla ya kuuzwa. Wenye mashamba ya pembezoni mwa miji wauangalie kabla hawajalipa.

Mikataba miwili

Hapa huwa nakosa subira.

Dalali anakwambia: tuandike mkataba wa milioni 80 wa kupeleka serikalini, na wa milioni 150 tubaki nao sisi. Anakuuzia kama ujanja wa mjini. Tuone unamfaidisha nani.

Kwanza, thamani. Uhamisho wa hati huhitaji ripoti ya mthamini iliyoidhinishwa na ofisi ya Mthamini Mkuu wa Serikali. Mthamini anafika, anapima, anaangalia bei za eneo. Akisema milioni 140, mkataba wako wa milioni 80 umeshapoteza kazi, na umejitambulisha kwa afisa kama mtu wa kuchunguzwa.

Pili, mnunuzi. Mnunuzi anadhani jambo hili ni la muuzaji, halimhusu. Linamhusu kuliko anavyojua. Bei iliyoandikwa leo ndiyo gharama yake ya kesho. Akija kuuza kwa milioni 200 baada ya miaka mitano, mkataba wake utaonyesha alinunua kwa 80. Faida itasomeka milioni 120 badala ya 50, na kodi milioni 12 badala ya 5. Amemlipia muuzaji kodi bila kujua, na kwa ziada.

Tatu, mgogoro. Mauzo yakivunjika, ukidai kurudishiwa fedha, utakwenda mahakamani na mkataba upi? Ule wa 150 haukupigwa stempu, na hati isiyolipiwa ushuru wa stempu haipokelewi kama ushahidi. Ule wa 80 ndio unaopokelewa. Umetoa 150, unadai 80.

Na ni kosa la jinai kwa wote waliosaini.

"Mimi nataka zangu mkononi"

Muuzaji husema: nataka milioni 150 kamili mkononi, kodi ni juu yako. Mnunuzi anayeipenda nyumba anakubali bila kupiga hesabu. Kisheria kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, kwa sababu ndiye aliyepata faida. Ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1, kwa kawaida hubebwa na mnunuzi. Mnaweza kukubaliana vingine kati yenu, lakini makubaliano hayo hayambani Kamishna. Kodi anayokulipia mnunuzi ni sehemu ya ulichopokea kwa nyumba hiyo.

Ugomvi mwingi ninaouona hautokani na nani alipe. Unatokana na mkataba kunyamaza. Pesa yote imeshalipwa, muuzaji ameshahamia Bagamoyo na kununua pikipiki mbili za biashara, ndipo makadirio yanatoka. Simu haipokelewi. Mnunuzi ana nyumba asiyoweza kuisajili kwa jina lake.

Dawa yake ni kifungu kimoja: sehemu ya bei inayotosha kodi ibaki kwa wakili, itoke tu kwa malipo ya kodi, na kinachobaki apewe muuzaji siku cheti kinapotoka. Kwa nyumba ya milioni 150 acha milioni 10. Muuzaji mkweli hawezi kukataa, maana fedha ni yake. Akikataa kabisa, tayari umejua kitu.

Na ile hela inayotolewa ofisi ya serikali ya mtaa wakati wa kushuhudia mauziano si kodi hii. Haiondoi hata shilingi moja ya deni la TRA. Aliyenunua kwa mkataba wa mtaa bila kuhamisha hati, kwenye vitabu vya ardhi bado mwenye nyumba ni yule wa kwanza. Siku atakapotaka kuhamisha, atamtafuta yule wa kwanza asaini na kodi ya mauzo yale ikadiriwe. Akiwa amefariki, kazi inaanzia mahakamani kwa msimamizi wa mirathi.

Karatasi zinazokubalika

Risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, huchapishwa kwenye karatasi inayoungua kwa joto. Haina wino. Ukiiacha kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, chini ya bati, maandishi yanafifia na kuisha. Ipige picha siku hiyohiyo, namba ya uhakiki na ile alama ya kuskani vionekane, kwa sababu kwa hivyo risiti inaweza kuhakikiwa kwenye mtandao wa TRA hata kama karatasi imekufa. Toa nakala ya kawaida pia. Na kabla hujatoka dukani, hakikisha risiti ina jina lako na TIN yako, yaani namba ya mlipa kodi. Risiti ya nondo isiyo na jina inaweza kuwa ya nyumba ya mtu yeyote.

Mafundi ndio shimo kubwa. Fundi hana mashine ya EFD. Andikianeni mkataba wa ukurasa mmoja kwa kila awamu: kazi gani, kiwanja kipi, kiasi gani, tarehe, saini, nakala ya kitambulisho chake. Mlipe kwa simu au benki, uandike maelezo ya malipo, na uhifadhi taarifa ya miamala ya mwezi huo. Ujumbe wa simu peke yake hufutika na simu. Mkataba ukiwa na muamala unaolingana nao, afisa hana sababu ya kuukataa.

Ongeza kibali cha ujenzi, michoro, na picha za kila hatua zikiwa na tarehe. Kama kumbukumbu zako zina mapengo, mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa anaweza kuandaa makadirio ya gharama za jengo lilivyo. Makadirio hayo hayachukui nafasi ya risiti, lakini yanaonyesha kama kiasi unachodai kinaingia akilini. Jengo la mita za mraba 140 lenye vigae haliwezi kuwa limegharimu milioni 30, na ripoti ya mtaalamu ndiyo inayolisema hilo kwa lugha ambayo afisa anaifanyia kazi.

Mlolongo

Kwa ufupi, maana wakili wako anaujua: mkataba wa mauziano unasainiwa mbele ya wakili, pamoja na ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Ripoti ya uthamini inaidhinishwa. Fomu za ardhi namba 29, 30 na 35 zinajazwa. Pango la ardhi linalipwa hadi mwaka husika, na kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU ihakikiwe kwamba haidaiwi. Jalada linakwenda TRA likiwa na mkataba, ripoti, TIN za pande zote mbili na kumbukumbu za gharama. Unakadiriwa, unapewa namba ya malipo, unalipa, unapata cheti. Ushuru wa stempu una muda wake: siku 30 tangu mkataba usainiwe. Wanaochelewa kwa sababu wanasubiri uthamini hujikuta na adhabu, kwa hiyo panga tarehe ya kusaini ukiwa umeshamwita mthamini.

Kodi ya mapato ni ya Muungano, hivyo haya ya ongezeko la mtaji yanamgusa pia anayeuza Zanzibar. Ushuru wa stempu wa kule una sheria yake.

Walio nje

Ndugu zetu walioko Muscat, London au Minneapolis huuza nyumba kwa kumwandikia kaka au shangazi ruhusa ya kusaini. Wengi hawajui kwamba asilimia 10 na ile asilimia 3 ni za mkazi. Asiye mkazi ana kiwango chake, na kiko juu sana.

Ukazi hautazami pasipoti. Kwa mwaka husika, ambao ni Januari hadi Desemba, wewe ni mkazi ukiwa na makazi ya kudumu Tanzania na ukawepo nchini sehemu yoyote ya mwaka huo. Au ukikaa siku 183 au zaidi. Au ukiwepo mwaka huo na miwili iliyotangulia kwa wastani unaozidi siku 122 kila mwaka. Tazama sharti la kwanza kwa makini: mwenye makazi ya kudumu hapa aliyekuja likizo wiki mbili mwezi Agosti anaweza kuwa mkazi, na mwenye makazi yaleyale aliyemaliza mwaka mzima bila kukanyaga nchini asitimize. Kama unapanga kuuza na unapanga pia kuja kuzika, kuoa au kusalimia, fanya vyote ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, na utunze mihuri ya uhamiaji.

Ukiona makadirio si sahihi

Una siku 30 tangu upokee makadirio kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna, kwa maandishi, ukitaja sababu na kuambatanisha ushahidi. Ili pingamizi lipokelewe unatakiwa kulipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichokibishia, kipi kilicho kikubwa. Kwa makadirio ya milioni 9.6 ambayo wewe unaona yangekuwa 4.8, utalipa 4.8 kwanza, kwa kuwa ndicho usichokibishia na kinazidi theluthi. Ukishindwa hapo kuna Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani.

Wakati wote huo cheti hakijatoka na mnunuzi anasubiri. Watu wengi hulipa kiasi wasichokiamini kwa sababu hiyo tu. Ukitaka kujiepusha na mbano huo, andika kwenye mkataba kwamba muda wa kukamilisha uhamisho utasimama pingamizi likiwasilishwa, na uweke kikomo chake. Mnunuzi akijua tangu mwanzo, hana sababu ya kukudai fidia ya ucheleweshaji. Na kabla ya kusaini chochote angalia Sheria ya Fedha ya mwaka huo, kwa sababu viwango nilivyovitaja hapa vinaweza kuguswa kila ifikapo tarehe 1 Julai.